AI kwenye kesi za ajali: ipi ya kulipia, ipi ya kutumia bure, na ipi tuwaachie Wamarekani

Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, huu mwaka wa tisa, na kama unaijua Tororo unajua kazi zetu zinatoka wapi, zinatoka barabarani. Malaba, mpakani na Kenya, iko hapo tu, trela zinashuka toka Mombasa zinaelekea Kampala, Kigali, Juba, boda zinapenya katikati, basi haipiti wiki bila mtu kuingia ofisini na mguu wa plasta. Mteja, shahidi, dereva, afande wa trafiki, wote tunaelewana kwa Kiswahili, manake kwenye benchi moja una Mjapadhola, Mteso, Msamia, Mkenya na Msomali. Halafu tukifika mahakamani yote hayo lazima yageuke Kiingereza.

Sasa makarani wenzangu wa Mbale na Busia, na hawa mawakili vijana waliofungua ofisi juzi juzi, wananiuliza kitu kimoja, tununue AI gani. Nimetumia za bure, nimetumia za kulipia, na bosi wangu alishakaa kwa Zoom saa nzima akionyeshwa programu ya Marekani ya kesi za majeraha. Nitalinganisha kwa kazi, si kwa jina, manake majina yanabadilika kila mwezi ila kazi ya kesi ya ajali ni ile ile: kusoma karatasi za hospitali, kutafuta kesi za nyuma, kuandika maelezo ya mashahidi, kupiga hesabu ya fidia, kuandika barua.

Haraka haraka ujue makundi. Kuna chatiboti za kawaida ambazo kila mtu anazo kwa simu, ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot. Kuna programu za mawakili wa wadai, hasa wa majeraha, EvenUp, Supio, Eve, zote za kule Marekani, unazilisha rekodi za hospitali na zenyewe zinakutolea barua ya madai imepangwa. Kuna za utafiti wa sheria za wachapishaji wakubwa, Lexis+ AI na CoCounsel, hii ya mwisho ni ya Thomson Reuters ambao 2023 waliinunua kampuni ya Casetext iliyoitengeneza kwa dola milioni 650, ndo ujue pesa imelala wapi. Kuna za sauti na tafsiri, Whisper inayogeuza sauti kuwa maandishi, Google Translate, na za nyumbani za Sunbird AI pale Kampala. Na kuna ULII, ambayo ni maktaba ya hukumu na sheria za Uganda kwenye intaneti, bure kabisa, hiyo nitaiweka kwenye mizani na hizo zingine japo siyo chatiboti.

Kusoma karatasi za hospitali

Nitakaa hapa sana, manake hapa ndo watu wengi wanadanganyika.

Programu za Wamarekani zilitengenezwa kutibu ugonjwa wa karatasi kuwa nyingi. Mtu wa kule akigongwa anatoka na mamia ya kurasa, bili ya ambulansi, bili ya picha, bili ya mtaalamu wa mgongo, kila bili na namba yake ya huduma, na wakili anahitaji mashine ya kuzipanga. Sisi ugonjwa wetu ni mwingine. Mteja wangu anakuja na daftari. Daftari lile lile la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, ndani kuna mwandiko wa madaktari watatu wasioandika kwa wino mmoja, halafu katikati kuna PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kuhusu majeraha, imekunjwa mara nne na risiti mbili za duka la dawa. Hiyo ndo rekodi ya hospitali. Hakuna ingine.

Mwaka jana tulipokea kijana wa boda, trela ilimgonga ikamvunja mguu wa kushoto. Daftari lake lilikuwa na kurasa 26 zilizoandikwa. Nikafunika jina kwa karatasi, nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikazipandisha kwenye chatiboti moja ya bure. Ikasoma picha chache za mwanzo vizuri, baadaye ikasema nimemaliza kiwango cha leo nirudi kesho. Nikarudi kesho, ikanipa muhtasari safi, Kiingereza kimenyooka, lakini nilipohesabu nikakuta kurasa nne haikuzigusa kabisa na haikuniambia. Hilo ndo tatizo la za bure, haikwambii imeruka, inajaza tu pengo kwa maneno mazuri.

Nikahamia ya kulipia, dola 20 kwa mwezi, kwa shilingi zetu ni elfu sabini na kitu. Hiyo ilisoma zote. Mwandiko wa daktari wa pili ambao hata mimi uliniumiza macho ikausoma. Lakini cheki makosa yake. Daktari alikuwa ameandika "RTA" juu ya ukurasa wa kwanza, ambayo kila nesi hapa anajua ni ajali ya barabarani, yenyewe ikaandika kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa figo, manake kwenye vitabu vya udaktari herufi hizo hizo ni jina la ugonjwa wa figo. Na ile alama ya "#" ambayo madaktari wanaitumia kumaanisha mfupa umevunjika, ikaisoma kama namba. Kwa hiyo nikapata mtu mwenye figo mbovu na mguu wenye namba. Hebu fikiria hiyo iende kwenye hati ya madai, wakili wa bima anasimama anauliza hizo figo zimevunjwa na trela ya mteja wangu saa ngapi?

Dawa yake ilikuwa rahisi. Nikaandika karatasi moja ya vifupi vya hospitali zetu, RTA ni nini, # ni nini, POP ni plasta, Lt ni kushoto, nikaiweka mbele kila nikianza. Makosa yakapungua sana.

Halafu ndo nikagundua matumizi ambayo kwangu mimi yanazidi yote. Nikaiambia hivi: panga matukio kwa tarehe, kila tukio taja ukurasa wa daftari, na mwisho niambie ni siku zipi hazina karatasi yoyote. Ikanipangia, na chini ikaandika kwamba kati ya tarehe 14 Machi na tarehe 2 Mei hakuna kitu. Wiki saba. Mimi nilikuwa nimelisoma lile daftari mara mbili na sikuliona lile shimo, manake ukurasa wa Machi na wa Mei vimefuatana, jicho linapita tu.

Nikampigia mama yake kijana, ndo aliyekuwa akimuuguza.

"Mama, kati ya Machi na Mei mlikuwa hospitali gani?"

Kimya kidogo. "Mwanangu, hela iliisha. Tulimpeleka kwa yule mzee wa kuunga mifupa."

"Mbona hamkusema?"

"Si mlisema mnataka karatasi za hospitali. Yule mzee hana karatasi."

Sasa hiyo ukiijua mapema unaiandikia maelezo, unaeleza kwamba mtu alitoka hospitali kwa kukosa pesa, unamtafuta huyo mzee kama shahidi. Usipoijua, upande wa pili wanaigundua wakati wa maswali na wanasema mguu haukupona vizuri kwa sababu mwenyewe aliacha matibabu, na fidia inakatwa. Kwa elfu sabini ile chatiboti ilikuwa imeshajilipa.

Na ile programu ya Marekani aliyoonyeshwa bosi? Tuliomba watujaribie na kurasa chache zilizofutwa majina. Ilitoa kitu kizuri kwa macho, ina vichwa, ina majedwali, lakini jedwali la bili lilikuwa tupu, na ikaweka aya nzima kuhusu kiwango cha juu cha bima ya mdaiwa kama vile ni lazima kiwe kikubwa. Huku kwetu sheria ya bima ya third party ya 1989 iliweka milioni moja kwa mtu na milioni kumi kwa ajali nzima. Milioni moja! Ndo maana sisi tunamshtaki mwenye gari mwenyewe na mwajiri wa dereva, na trela ikiwa ya nje tunaitafuta Yellow Card ya COMESA, kadi ya bima ya magari yanayovuka mipaka, tuone ofisi yake ya hapa nchini. Programu ile haikuwa na pa kuweka hayo yote. Siyo mbovu, imeshonewa mtu mwingine.

Na kuna kitu kingine. Mawakili wa majeraha wa kule wengi wanalipwa kwa asilimia ya kinachopatikana, mara nyingi thuluthi, kwa hiyo programu ya bei kali inarudisha hela yake kwenye kesi moja kubwa. Huku kanuni za mawakili zinakataza wakili kukubaliana na mteja wagawane mapato ya hukumu. Hesabu yako ya kununua haiwezi kuwa sawa na ya kwao.

Kwa hati ambazo tayari zimechapwa, ripoti ya polisi, ripoti ya mkaguzi wa magari, hukumu ndefu, ningeweka NotebookLM ya Google juu ya chatiboti ya kawaida, manake inajibu kutoka kwenye hati ulizoweka na inakuonyesha mahali ilipotoa jibu, unabonyeza unaona mstari wenyewe.

Kutafuta kesi za nyuma

Hapa nitasema wazi, chatiboti ya kawaida usiitumie. Basi.

Kesi iliyofanya dunia nzima iamke ilikuwa ya majeraha kama zetu. Mata v. Avianca, New York, abiria anadai aligongwa goti na kitoroli cha vyakula ndani ya ndege. Wakili wake akaiomba ChatGPT kesi za kumsaidia, ikampa, zote na majina na majaji na nukuu, na hazikuwepo. Juni 2023 Jaji Castel akawapiga mawakili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Mtu akasema aah huyo hakujua, ilikuwa mwanzo. Haya, Februari 2025 kule Wyoming, Wadsworth v. Walmart, kesi ya ubao wa magurudumu wa betri unaodaiwa kuwasha moto nyumba, mawakili wa kampuni kubwa kabisa ya kesi za majeraha wakataja kesi tisa, nane hazikuwepo, na hawakutumia chatiboti ya mtaani, walitumia mfumo wa AI wa ndani ya kampuni yao. Na usiseme ni mambo ya Wazungu, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, kwenye kesi ya Mavundla, kesi tisa zilitajwa na mbili tu ndo zilipatikana.

Za wachapishaji wakubwa je? Ni afadhali, ila usilale. Watafiti wa Stanford walizipima wakatoa matokeo 2024, Lexis+ AI ilikosea zaidi ya asilimia 17 ya maswali na ile ya Westlaw, ambayo nayo ni ya Thomson Reuters, karibu thuluthi. Na hapo ni kwa sheria ya Marekani ambayo wana kila hukumu kwenye kabati.

Kwa sheria yetu nilifanya jaribio langu dogo. Niliziuliza chatiboti tatu swali moja, mtu aliyeumizwa kwa uzembe Uganda ana muda gani wa kufungua kesi. Moja ikasema miaka sita, moja miwili, moja mitatu. Unajua kinachoudhi? Zote zilikuwa zimeshika kipande cha kweli. Limitation Act, sheria ya ukomo wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka sita kwa makosa ya madai kwa jumla, lakini kwa majeraha ya mwili yatokanayo na uzembe ni mitatu, na ukiishtaki serikali ni miwili. Kwa hiyo ile ya miaka sita haikuzua, ilisoma mwanzo wa kifungu haikufika mwisho, na mteja wako kwa kuisikiliza angelala mpaka kesi ikaoza.

Halafu kuna namba za sheria. Toleo la saba la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024 na sura zikapangwa upya, Civil Procedure Act iliyokuwa Cap 71 sasa ni Cap 282. Chatiboti nyingi bado zinaishi kwenye namba za zamani, hakimu akiona hivo anajua mara moja hukuandika wewe.

Nnavyofanya sasa: ULII kwanza. Natafuta kwa maneno ya kawaida, natoa hukumu tano sita za majeraha yanayofanana na ya mteja, nazisoma mwanzo na mwisho, halafu NDO naipa AI hukumu zenyewe na kuiuliza, kila kesi jaji alitoa fidia ya jumla kiasi gani, mwaka gani, kwa jeraha gani, taja aya. Hiyo kazi inaifanya vizuri ajabu. AI isikutafutie kesi, wewe mpelekee kesi. Chatiboti moja iliwahi kuniambia bila risiti mteja hapati hata senti ya matibabu, wakati ULII ukitafuta unakuta majaji kila siku wanairudia Kyambadde v Mpigi District Administration ya 1983, kwamba fidia mahususi, yaani ya gharama zenyewe kama dawa na matibabu, lazima idaiwe wazi na ithibitishwe, lakini si kila mara lazima kuwe na karatasi. Kwa mtu wa boda aliyenunua dawa kwa mkono bila risiti, hiyo kesi ni chakula.

Sauti na tafsiri

Hapa kwetu hii ni kazi kubwa kuliko Kampala, manake maelezo yanasemwa kwa Kiswahili na yanaandikwa kwa Kiingereza.

Whisper inakijua Kiswahili, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe ikafanya kazi bila intaneti, sauti ya mteja haitoki ofisini. Ubaya, kwenye laptopu ya kawaida toleo lake kubwa linakwenda pole pole, rekodi ya nusu saa unaiacha usiku, na umeme ukikatika unaanza upya. Kwa Kiluganda, Acholi, Ateso, Runyankole na Lugbara waangalie Sunbird AI, hao walikusanya data ya lugha hizo makusudi. Google Translate ina Kiluganda tangu 2022 na Acholi tangu 2024. Kijapadhola nilijaribu kwenye programu moja ikaniandikia kitu kama Kiluo cha Kisumu, mzee aliyekuwa ananipa maelezo alicheka mpaka akakohoa.

Makosa ya Kiswahili ndo ya kuogopa zaidi kwa sababu yanafanana na ukweli. Programu moja ya sauti ilisikia "alinigonga" ikaandika "aliniganga". Herufi moja. Mtu aliyekuvunja mguu amegeuka mganga wako. Na kwenye kesi ile ile ya boda tulikuwa na shahidi dereva Mtanzania, akasema kwa lafudhi yake tamu, "yule wa boda alikuwa amepiga mshikaki." Tafsiri ikatoka kwamba mwendesha pikipiki alikuwa amebeba nyama choma. Sasa ukiwa Mtanzania unajua mshikaki ni kupakia abiria zaidi ya mmoja, na hilo neno lilikuwa sumu kwetu, manake likieleweka vizuri upande wa pili wanasema kijana mwenyewe alichangia uzembe. AI ilitusaidia bila kujua, kama ni kusaidia. Bosi akasema lirekebishwe liandikwe alivyomaanisha shahidi, na likaandikwa, na tukajipanga kulijibu.

Kwa hiyo hapa chaguo langu ni Whisper ya ndani ya kompyuta kwa kunakili, chatiboti ya kulipia kwa drafti ya Kiingereza, halafu mtu mzima anayekijua Kiswahili cha barabarani anasikiliza sauti tena na karatasi mkononi. Usiruke hiyo ya mwisho, manake mteja asiyejua Kiingereza akiapia maelezo yake, aliyemsomea na kumtafsiria lazima awe binadamu wa kuulizwa.

Hesabu ya fidia

Fupi. Kwa mfanyakazi aliyeumia kazini huhitaji AI, unahitaji kikokotoo cha simu. Workers Compensation Act ni mshahara wa miezi 60 mara asilimia ya ulemavu aliyoipa daktari. Taniboi wa trela analipwa 400,000 kwa mwezi, daktari kampa asilimia 30, 400,000 mara 60 ni milioni 24, asilimia 30 yake ni 7,200,000. Kwisha.

Kwa fidia ya jumla, ile ya maumivu na madhara yasiyo na risiti, kwenye kesi ya uzembe chatiboti zina tabia moja mbaya, zinachukua gharama za hospitali zinazidisha mara tatu mara tano, ile mbinu ya watu wa bima wa Marekani. Kwa mteja wangu mwenye risiti mbili za dawa hiyo inatoa fidia ya kununulia mbuzi. Majaji wetu wanaangalia jeraha, maumivu, maisha yaliyobaki, na kesi zinazofanana walipewa nini. Ukirudi kwenye zile hukumu za ULII ndo unapata picha.

Barua

Zote zinaandika barua vizuri, hata za bure. Ziambie tu zipunguze ukali wa kigeni, maana unakuta notisi ya kudai kwa mwenye trela wa Busia inaongea kama inaenda kwa bima ya Texas. Bosi anazipenda, mimi nazipunguza nusu.

Siri ya mteja

Hapa za bure na za kulipia zinatengana kabisa. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inaweka afya na rekodi za matibabu kwenye data maalum, na ukiipeleka data ya mtu nje ya Uganda inabidi nchi inayoipokea iwe na ulinzi unaotosha au mwenye data awe ameridhia. Ukipiga picha ya daftari ukaipandisha, umeshaipeleka nje, kaka, hata kama uko chini ya mwembe Tororo. Juu ya hapo wakili ana wajibu wake wa siri kwa mteja. Matoleo ya bure ya chatiboti mengi yanaweza kutumia mazungumzo yako kufundishia mashine usipozima kwenye setingi, na hata hiyo ya dola 20 kwa mtu mmoja izime mwenyewe usidhani imezimwa. Matoleo ya biashara ndo kwa kawaida hayafundishii.

Sisi tuliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya mteja, kwa Kiswahili, kwamba tunaweza kutumia kompyuta ya nje kusoma karatasi zake bila jina, na anatia saini au dole gumba. Mmoja tu alikataa, mwanajeshi mstaafu, na faili lake tunalisoma kwa macho.

Sasa uchukue ipi

Kama wewe ni wakili peke yako mkoani na karani mmoja: chatiboti moja ya kulipia, mafunzo yamezimwa, ULII, na Whisper kwenye kompyuta. Usinunue kitu kingine mwaka huu.

Ofisi kubwa ya Kampala yenye kazi za makampuni ya bima, faili mia kwa wakati mmoja, nunueni toleo la biashara la chatiboti kwa kila mtu, na kama mna kesi za nje ya nchi hapo ndo Lexis au CoCounsel inaanza kuwa na maana. Programu za majeraha za Marekani zisubirini mpaka siku mtu atakapotengeneza moja inayoijua PF3.

Na kama wewe siyo wakili, wewe ndo uliyegongwa na unasoma hapa ukiwa kitandani: tumia hata ya bure, lakini kwa swali moja tu, nikusanye karatasi gani na tarehe gani sina. Usiiulize utalipwa ngapi wala una muda gani. Kwa hayo nenda Justice Centres au mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society, hao hawatozi mtu asiye na uwezo.

Yule kijana wa boda bado tuko naye Mbale, Mahakama Kuu, faili limeingizwa kwenye ECCMIS, mfumo wa mahakama wa kesi kwa mtandao, kila kitu PDF, orodha ya tarehe nzuri kabisa. Juzi wakili wa upande wa pili ameandika, anataka kuona daftari lenyewe la karatasi. Liko kwenye kabati la bosi, limefungwa kwa mfuko wa plastiki, na mama yake kijana ananipigia kila wiki kuuliza kama panya hawajalifikia.